Kombora la Katikati

Mwanza
4 Februari 2024

Baba mdogo Josephu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kilambo, wewe na mama Rozalia. Naandika kwenye karatasi kwa sababu simu na wewe ni ugomvi. Mimi napiga kelele mpaka wagonjwa kliniki wanageuka kunitazama, na wewe unajibu "nzuri" kwa kila swali. Masikio uliyaacha vitani Kagera, macho bado unayo, basi soma.

Boksi limefika. Shangazi Halima alipokuwa akisafisha chumba cha marehemu baba pale Magomeni ya Mtwara aliona lile gari la makombora ni langu, akalifunga kwa kanga mbili na kulipakia kwenye basi. Tangu Ijumaa nimekaa nalo mezani.

Wewe unalijua, lakini acha niandike, nina hamu ya kuliandika. Mwaka tisini na nane fundi mitambo mmoja Mpolandi, meli yao imekwama bandarini wiki tatu ikisubiri korosho, alimpa baba boksi la vipande vya plastiki vya kuunganisha. Gari la jeshi la minyororo, dogo la kukaa kiganjani, na makombora matatu mgongoni. Baba alipoiona picha juu ya boksi alicheka mpaka akakaa chini. Lilikuwa gari lile lile mlilolihudumia ninyi wawili jeshini ujanani, limepunguzwa mara sabini na mbili. Tulilijenga miezi minne, kila Jumapili. Nilikuwa na miaka tisa. Leo natengeneza meno ya bandia, na kila anayeusifu mkono wangu namwambia ulifundishwa na karani wa bandari ya Mtwara.

Sasa makombora ni mawili. La kushoto lipo, la kulia lipo. La katikati halipo.

Unalijua lenyewe. Ni lile nililogundisha peke yangu, bawa moja la nyuma limekaa upande, na kwenye gundi pana alama ya kidole changu cha utoto. Baba hakukubali lirekebishwe. Alisema ndilo litakalotangulia vita vikija. Tafadhali, ukienda mjini pita Magomeni unitazamie chumbani. Lina urefu wa kidole cha kati, rangi yake kijani.

Najua utauliza lini nakuja. Msibani sikuwahi, mlizika siku ya pili. Arobaini nayo kliniki walininyima ruhusa. Mambo yakikaa sawa nitakuja.

Mwanao,
Nuru


Kilambo
21 Februari 2024

Wewe Myao,

Marahaba. Barua imeletwa na bodaboda, inanuka dagaa, lakini imesomeka.

Nimekwenda Magomeni mwenyewe Jumanne. Nimetazama chumbani kote, uvunguni, nyuma ya kabati, ndani ya viatu. Nimekuta soksi moja, betri za redio na kitana. Kombora chumbani halimo. Babu zangu Wangoni waliwafukuza babu zako mlima kwa mlima, na kila walipokimbia waliacha vitu nyuma. Naona tabia hamjaiacha.

Hapa tupo. Mto Ruvuma umejaa, viboko wamepanda usiku wa juzi wakala mihogo ya jirani wakaruka ya kwangu. Rozalia anasema ni maombi yake. Mimi nasema hata kiboko anajua shamba la askari. Afya ni nzuri isipokuwa mdomo. Meno manne ya mbele ya juu yameondoka moja moja, la mwisho limeondoka na muwa. Hebu fikiria mtu ana mikorosho sitini na hawezi kung'ata korosho. Rozalia ananitwangia kwenye kinu kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Nazitazama za wenzangu zinavyokaangwa, nanusa, naondoka.

Kombora halina miguu. Liko mahali limekaa. Ukilitaka, njoo ulitafute mwenyewe, mabasi yapo kila siku.

Josephu Luambano,
mtani wa marehemu


Mwanza
17 Machi 2024

Baba mdogo Josephu,

Shikamoo. Hii ni Ramadhani ya kwanza bila simu ya baba. Alikuwa akinipigia saa kumi kasoro kuniamsha daku, miaka kumi na mbili mfululizo, na mimi nikimjibu kwa hasira kwamba saa ninayo. Sasa naamka mwenyewe, nakaa na chai, natazama simu.

Asante kwa kunitafutia. Sikukata tamaa. Unamkumbuka Arsalan, mjukuu wa Mohsinali mwenye duka Mikindani, waliotuuzia vile vikopo vya rangi? Yeye siku hizi anaagiza bidhaa nje. Nilimpigia, akacheka, halafu akaliona suala hili kuwa lake. Ameniambia kuna watu duniani wanaouza mabaki ya maboksi ya aina hii. Mtu ana boksi limepotea nusu, anauza kilichobaki kipande kimoja kimoja, tairi, mtutu, kofia ya askari. Alizungukia wauzaji sita. Wa kwanza ana gari hana makombora. Wa pili ana makombora ya ndege. Mwingine akamjibu kwa huruma kwamba makombora ndiyo yanayopotea kwanza kila nyumba, kwa sababu watoto huyapenda kuliko gari. Mwishowe akampata mmoja mwenye la aina yetu hasa.

Limefika juzi. Baba mdogo, ni kubwa kama karoti! Limetoka kwenye gari lililopunguzwa mara thelathini na tano tu, Arsalan hakutazama namba. Nililiweka pale katikati ya yale mawili nikacheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta. Halafu nikaliondoa, kwa sababu mtu wa kucheka naye jambo hili alikuwa mmoja duniani.

Nataka kukuomba kitu. Niandikie siku ya mazishi ilikuwaje. Shangazi Halima kila nikimuuliza anasema "alizikwa vizuri" na kuuliza kama nakula.

Mwanao,
Nuru


Kilambo
6 Aprili 2024

Nuru mwanangu,

Ramadhani njema, na Idi ikikukuta usile wali wa hotelini, pika.

Umeniomba siku ya mazishi. Tulimzika makaburi ya Likombe saa kumi jioni. Jua lilikuwa kali na watu wengi, waliotoka bandarini peke yao walijaza lori. Mimi nilikuja na kazi yangu. Myao amekufa, Mngoni hawezi kukaa kimya kama mgeni. Nilivaa kofia yake ngumu ya bandarini na lile koti la mvua, nikasimama njiani na daftari, nikawahesabu waombolezaji kama alivyokuwa akihesabu magunia. "Moja. Mbili. Hili limechanika, rudisha. Hili limelowa. Hili si korosho, hili ni kokoto." Shehe aligeuza uso ili asionekane anacheka. Halima alikuwa analia akanitupia kiatu huku anacheka, na hapo nikajua nimefanya vizuri.

Kisha nikashuka kaburini. Nikalala. Nikawaambia huyu jamaa hana haki ya kulala hapa, tangu jeshini analala upande wa ukuta na mimi wa mlangoni, leo naye alale mlangoni. Wakanibembeleza nitoke. Unajua, watu wote walidhani ni utani. Mpaka walipokuwa wananivuta mkono ndipo nami nikajua si utani wote. Udongo wa Likombe ni wa mchanga, una ubaridi mzuri. Ningeweza kukaa.

Tulikuwa pamoja miaka arobaini na sita. Baada ya Kagera, mtu wa kuniongelesha alikuwa yeye. Wengine hupayuka, yeye alikuwa anaongea polepole akinitazama, nikamsoma midomo. Tangu aondoke sijasikia neno, Nuru. Naona midomo ya watu inacheza tu.

Kuna jambo jingine nililolifanya siku ile. Nitakuambia ukija.

Josephu


Mwanza
12 Mei 2024

Baba mdogo Josephu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara nyingi. Sitaandika kuhusu hiyo, nitalia na karatasi ni moja.

Nimelitengeneza mwenyewe. Nilichukua kombora la kushoto, nikalikandamiza kwenye ule udongo wetu wa kunakilia meno, nikapata umbo, nikamimina. Kliniki nina plastiki za aina mbili, nyeupe ya meno na ya pinki ya fizi. Nyeupe bosi anaifungia. Kwa hiyo jeshi letu sasa lina kombora la pinki. Lingepakwa kijani tu, lakini kabla ya kupaka nililiweka mahali pake, likaingia sawasawa. Mabawa manne yamenyooka, hayana kasoro. Nilikaa nikalitazama, nikaweka brashi chini. Kila kitu kiko sawa, na ndiyo sababu silitaki. Sijawahi kufanya kazi safi hivyo nikaichukia hivyo.

Nimefikiri sana. Chumbani halimo, umetazama. Kwenye boksi halimo. Basi limetoka kabla ya kufungwa, na waliokuwa wakiingia chumba kile ni wajukuu wa shangazi Halima. Yule muuzaji alisema kweli, watoto ndio wanaoyachukua. Nimemwandikia shangazi. Nimemwambia amewaacha watoto wachezee kitu cha marehemu kama takataka, na kwamba baba angekuwa hai asingethubutu. Ilibidi mtu amwambie. Hajajibu.

Nuru


Kilambo
1 Juni 2024

Nuru,

Shangazi yako amekuja hapa na barua yako mkononi. Amepanda gari mpaka Kilambo na goti lake lile, akanipa niisome, akakaa kwenye jamvi akalia. Wajukuu wake hawajagusa kitu. Mwombe radhi leo, usingoje kesho.

Kombora ninalo mimi.

Sikukudanganya, nilikuandikia chumbani halimo, na halimo. Nililichukua siku ya mazishi mbele ya watu wote, kabla jeneza halijatoka. Ni haki yangu. Mtani akifiwa na mtani wake anashika kitu cha marehemu, wenye msiba wanakigomboa, mambo yanaisha siku hiyo hiyo. Wengine hushika kofia au fimbo. Mimi nilisimama chumbani kwake nikajiuliza, hapa kipi kitauma? Nikaliona.

Wakaniletea jogoo. Nikamkataa. Wakaniletea wa pili, mwekundu, mzuri. Nikakataa. Nikasema wa kugomboa hiki ni mmoja na hayupo, nitakaa nacho mpaka aje. Nikamkataza Halima asikuambie, maana nakujua, ungetuma mtu. Naye akanyamaza, hata ulipomtukana alinyamaza, akaja kulia kwangu.

Naliweka mfuko wa shati kila asubuhi. Mwezi wa tatu wanajeshi wetu hapa mpakani walikuwa wanapekua wasafiri, wakanitoa mfukoni kila kitu. Kijana mmoja akaniuliza kwa ishara, mzee, hili nini? Nikamwambia, kombora. Wakacheka wote. Nikamweleza ni la gari gani na nani alilijenga. Akalirudisha kwa mikono miwili.

Siku zote ni lako. Utaligomboa kwa meno manne ya mbele ya juu, yaliyotengenezwa na mkono wako. Kuku sitaki, sina cha kumtafunia.

Josephu Luambano


Mwanza
23 Juni 2024

Baba mdogo,

Shikamoo, ingawa kwa hasira.

Nimemwomba radhi shangazi. Kwa barua na kwa simu. Kwenye simu alisema, "Nilijua utarudi mwenyewe. Unakula?" Nimejisikia mdogo kuliko kipande chochote ndani ya boksi.

Na wewe! Mimi nazunguka dunia nzima na Arsalan, nawaamsha watu ughaibuni, namimina fizi za pinki, na kombora liko mfukoni kwako linanusa ugoro. Nilipoisoma barua nilirusha kiatu ukutani. Baadaye nikacheka. Baadaye mengine.

Haki yako siikatai. Nimekulia Magomeni, nimeona watani wakishika jeneza lisitoke mpaka watulizwe. Lakini nikwambie kosa langu lilipo: sikuwahi kufikiri kwamba kuna anayenidai mimi. Nilijiona kama mtu aliyepewa taarifa tu. Msiba ulikuwa wa waliokuwepo.

Sawa, nitagomboa. Meno nitakutengenezea kwa moyo mmoja. Ila si lazima nije. Nenda mjini kwa daktari yeyote wa meno, mwambie achukue nakala ya mdomo wako wa juu na wa chini, aifunge vizuri uitume kwa basi. Mimi nitatengeneza hapa, nitatuma, na wewe utatuma kombora. Tutakuwa tumemalizana.

Nuru


Kilambo
20 Julai 2024

Myao mjanja,

Marahaba. Kwa daktari sikwenda. Ataniuliza maswali, sitasikia, nitamjibu "nzuri", ataning'oa na yaliyobaki. Nimefanya mwenyewe. Nimechukua mche wa sabuni nikauloweka kidogo, nikaung'ata kwa nguvu zote, juu na chini. Umo kwenye kifurushi hiki. Rozalia amenuna kwa sababu ilikuwa sabuni ya wiki nzima, na mimi nimetema povu mpaka magharibi. Ukimaliza kazi urudishe.

Sasa na wewe unijibu kitu kimoja, wala usiniletee habari za ruhusa. Arobaini tulikuwekea sahani. Pilau ya nyama ya mbuzi, na ukoko wa chini unaoupenda, Halima aliukwangua kwa ajili yako akaufunika. Kila gari lililosimama nje alitoka kutazama. Watu waliondoka, sahani ikabaki imefunikwa. Asubuhi yake niliikuta pale pale.

Hakuna kliniki inayomnyima mtu arobaini ya baba yake. Mimi ni kiziwi, si mjinga. Kwa nini hukuja?

Josephu


Mwanza
11 Agosti 2024

Baba mdogo Josephu,

Shikamoo. Sabuni imefika. Imelala kwenye joto siku nne, na alama ya mdomo wako sasa ni kama ya kiboko wa Ruvuma. Siwezi kumtengenezea binadamu meno kwa hii. Nimeifulia.

Umeuliza.

Ruhusa nilipewa. Siku kumi, na bosi akanichangia nauli. Nilifika Dar jioni, nikalala kwa rafiki, alfajiri nikawa stendi ya Mbagala na tiketi ya Mtwara mkononi. Kiti cha dirishani. Kwenye mkoba nilikuwa na kanga ya shangazi, kofia yako mpya ambayo mpaka leo ninayo, na kichupa cha gundi.

Hiyo gundi ndiyo habari yenyewe. Mara ya mwisho baba aliponipigia, mwezi mmoja kabla, aliniambia bawa la kombora langu limelegea. Akasema gundi ya huku haishiki, njoo na ile nzuri mnayotumia kwenye meno. Nikamwambia nakuja nayo. Lakini baba mdogo, nilikuwa nimeshamwambia nakuja Idi ya mfungo, sikuja. Nikamwambia Idi ya kuchinja, sikuja. Hakuna sababu. Kazi ilikuwepo, uchovu ulikuwepo, na niliamini baba yupo tu, kama bandari ilivyopo. Safari hii nilinunua gundi kweli. Ikakaa kwenye droo wiki tatu, halafu shangazi akapiga simu.

Kwa hiyo nilikuwa Mbagala, nina gundi, na wa kumpelekea hayupo. Kondakta akaita, abiria wa Mtwara panda. Nikaona wazi nitakachokikuta. Nitashuka, nitakwenda Magomeni, na barazani kutakuwa na kile kiti chake cha mianzi, kitupu. Nikajiambia, nisipofika, basi baba bado amekaa pale ananisubiri, amekasirika kidogo, lakini amekaa. Nikifika ndiyo amekufa.

Basi likaondoka na kiti changu cha dirishani. Nilikaa stendi mpaka adhuhuri nikarudi Mwanza, nikawaambia wote kwamba nimenyimwa ruhusa. Bosi wangu nilimwambia arobaini ilikuwa nzuri sana.

Ndiyo maana boksi lilipokuja bila lile la katikati sikushangaa. Nilisema, amelichukua. Amechoka kungoja gundi.

Nimemkumbuka, baba mdogo. Nimemkumbuka kiasi kwamba mchana nikishika meno ya watu namuuliza kwa sauti kama yamekaa sawa.

Nuru


Kilambo
2 Septemba 2024

Mwanangu,

Bawa limelegea kweli. Nimelifunga na uzi wa kushonea lisianguke. Kuligundisha sijathubutu. Mwaka jana nilimwambia baba yako nina gundi ya viatu, akanipokonya kombora mkononi akalificha kifuani kama mwizi. Akasema, "Nuru anakuja na yake." Hakuwa amekasirika. Alikuwa anajisifu.

Halima nimemsomea ile sehemu ya stendi. Usinune, alistahili kujua kwa nini sahani ililala. Amesema pilau atapika nyingine.

Njoo msimu wa korosho, Novemba. Nitasimama stendi ya Mtwara upande yanaposhushia mabasi ya Dar. Honi sitaisikia, kwa hiyo ukishuka uniguse.

Na kile kiti usikiogope. Utakapofika Magomeni nitatangulia, nitakuwa nimekikalia mimi. Hutakikuta kitupu.

Josephu


Mwanza
2 Februari 2025

Baba mdogo Josephu,

Shikamoo, na kwa mama Rozalia pia. Baada ya safari ile ya Novemba nilirudi salama, na nimechelewa kuandika kwa sababu kazi yako ilikuwa ngumu. Nilitengeneza huku namkumbuka mtu aliyefunguliwa mdomo barazani Magomeni mbele ya majirani wote, udongo wa pinki unamtoka puani, na bado anataka kuongea.

Habari za Likombe siziandiki, ulikuwepo. Umesema uliisoma midomo yangu yote nilipokuwa nimeinama pale, basi unajua nilichomwambia, na nakuomba ukae nacho.

Kombora ulinipa kwa mkopo kabla ya meno, na gundi imeshika. Bawa nimelirudisha kwenye upande wake ule ule uliopinda, kidole changu cha sasa juu ya alama ya kidole cha zamani. Hakiingii tena, kimekuwa kikubwa. Makombora yote matatu yapo mgongoni, na gari liko mezani hapa ninapoandikia. La pinki niliwaachia wajukuu wa shangazi. Shangazi ameniambia limeshavunjika mabawa mawili, na nilipolisikia hilo nilifurahi.

Sasa meno. Yamo humu ndani, kwenye pamba. Yavae mchana, uyatoe ukilala, uyaoshe kwa maji ya baridi, na ugoro upunguze. Uliagiza manne. Ukifungua utahesabu matatu na pengo moja. Usimwite kondakta mwizi, wala usimwandikie mtu barua kali, mimi najua uchungu wake. La nne ninalo mimi. Liko kwenye mfuko wa koti langu la kazi, nalitia humo kila asubuhi.

Mimi ni Myao na wewe ni Mngoni, na haki hiyo si yako peke yako. Watani wengine husubiri mpaka mtu afe ndipo washike kitu chake. Mimi nimeona kusubiri kunanigharimu.

Kwa matatu utaweza kung'ata korosho, ukianzia upande wa kushoto. La nne nafasi yake nimeiacha wazi, litaingia kwa dakika moja, lakini kwa mkono wangu tu. Nitalileta Idi. Tiketi nimeshakata. Jogoo sitaki, hata mwekundu. Utaligomboa kwa kitu kimoja: nishuke stendi ya Mtwara nikukute umesimama upande wa mabasi ya Dar, honi huisikii, nikuguse.

Mtani wako,
Nuru Bakari